Jiwe Ndani ya Kaniki

Risasi ya kuyeyushwa iliyokutwa kwa mvuvi wa Moa ilikuwa ya betri za lori, si ya kasha lililoibwa. Inspekta Miraji aliikwaruza kwa ncha ya kisu, akainusa ile harufu kali ya tindikali, akairudisha mkononi mwa mvuvi.

"Sasa umeridhika, Bwana Inspekta?" mvuvi akauliza. "Ama nikuteremshie na nyavu uzipekue tundu moja moja?"

"Nyavu ni zako. Kwaheri ya kuonana."

"Kwaheri tu. Hiyo ya kuonana baki nayo."

Miraji akapanda gari, akamwambia dereva arudi Maramba. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Wazo la risasi lilikuwa wazo lake mwenyewe. Kasha lililoibwa katika chuo cha kilimani lilikuwa la mvule, limetandikwa bamba la risasi ndani pande zote, na mtu yeyote wa pwani anajua kwamba risasi huyeyushwa ikafanywa vizamisho vya nyavu. Lilikuwa wazo zuri. Ubaya wake ni kwamba halikuwa la kweli.

Chuo kile kilikuwa tawi changa la chuo kikuu kimoja cha Ulaya, kimewekwa katika majumba ya zamani ya shamba la mkonge. Kesho yake, Jumatatu, kingefungua mkutano mkubwa wa wataalamu wa chembe, wageni kutoka Ulaya na Bara Hindi. Mwenye mkutano alikuwa Profesa Haldin, mzungu mrefu mwenye nywele nyeupe alizozichana nyuma mpaka zikagusa ukosi wa shati. Jana yake alimweleza Miraji habari ya kasha kwa Kiswahili cha kitabuni, taratibu, kama mtu anayepanga vikombe mezani.

"Ndani mna vioo vya picha, Bwana Inspekta. Kutoka juu angani zinashuka chembe ndogo mno. Zinapita ndani ya paa, ndani yako, ndani yangu, na hatuna habari. Zikipita katika dawa iliyopakwa kwenye kioo, zinaacha mstari mwembamba kuliko unywele. Tulivipeleka vioo hivi Kibo, juu ya Kilimanjaro, karibu na theluji, vikakaa huko. Bado havijasafishwa. Tulikusudia kuvifungua mbele ya wageni, kwa taa nyekundu."

"Na mwizi akivifungua juani?"

"Vitakuwa vioo vyeusi. Basi. Hakuna mkutano, na chembe zilizopita zimekwisha kupita."

Hilo lilikuwa moja. La pili lilikuwa la mtu. Mlinzi wa lango, Hamad bin Ame, mtu wa Pemba, alikuwa ndani ya mahabusu ya Maramba tangu jana. Mlango wa ghala lilimokuwa kasha ulikutwa umefungwa, kufuli halina jeraha, na mlinzi anaapa kwamba hakupita mtu. Kutoka Tanga amri ilikwisha kuja: kesho asubuhi Hamad apandishwe mahakamani.

Na la tatu lilikuwa lile jiwe. Pale kasha lilipokuwa, juu ya rafu, palikutwa jiwe limefungwa kaniki, ile nguo nyeusi ya wanawake. Tangu lionekane, hakuna mtumishi wa chuo aliyekubali kukanyaga ujia wa ghala. Walisema ni uchawi, na kwamba aliyelichukua kasha si wa kutafutwa na polisi.

*

Mbele ya kituo, kwenye benchi, aliketi mwanamke mwembamba aliyejitanda buibui, na bakuli limefungwa kitambaa mapajani. Alikuwa Tabia, mke wa Hamad.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba, bibi. Umekuja kumwona?"

"Nimekuja na chakula, wamekataa kunipokelea. Wasema mwizi hali wali wa nazi."

"Nani kasema?"

"Huyo mwenye ufunguo kiunoni."

Konstebo aliyesimama mlangoni akatazama ukuta kana kwamba umeandikwa jambo. Miraji akanyoosha mkono, akalipokea bakuli mwenyewe.

"Mie sisomi, Bwana, wala sijui sheria," Tabia akasema. "Lakini mume wangu namjua. Huyo ni mtu wa kulia na wenziwe. Ijumaa, siku aliyozikwa Luka, kaja nyumbani macho mekundu. Kanambia, Tabia, kitanda cha maskini Luka kimetoka langoni kwa nyimbo, hata mie nimeshindwa kujizuia. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kuiba?"

Miraji alikuwa amekwisha kumpa kisogo. Akageuka.

"Kitanda kilitoka langoni?"

"Ndivyo alivyosema."

"Kwa nyimbo za nani?"

"Sijui mie. Nyimbo za bara hizo."

Miraji akaingia ndani na bakuli. Habari ya Luka alikuwa nayo, lakini aliipita kama mtu anavyopita jiwe la njiani. Luka alikuwa msaidizi wa Profesa, ndiye aliyebeba vioo kupanda na kushuka Kibo. Alirudi na kichomi, akalala zahanati ya shamba, akafa Alhamisi. Marehemu haibi, kwa hiyo Miraji alimwacha apumzike.

Hamad alikuwa amejikunyata pembeni. Miraji akaweka bakuli chini.

"Kula."

"Ahsante, afande."

"Hamad, uliniambia Ijumaa lango halikufunguliwa isipokuwa kwa gari la mboga."

"Ndiyo, afande."

"Kitanda cha Luka kiliruka ukuta?"

Mkono wa Hamad ukabaki juu ya wali. Kisha akaurudisha magotini.

"Tabia kakwambia."

"Tabia anakutetea. Wewe ndiye unayejifunga. Sema."

"Afande, Profesa alitoa amri kabla hajakwenda Mombasa kuwapokea wageni. Mtu wa kambi ya mkonge asiingie mpaka mkutano wao umalizike. Nikikiuka, kazi sina. Wakaja watu wa msiba, wanataka vitu vya marehemu. Sasa mimi niwaambie nini? Rudini? Msiba haurudishwi mlangoni, afande, hata kwa amri ya mfalme. Nikafungua. Lilipokuja kuonekana kasha halipo, nikaona nikisema nilifungua, nimekwisha. Nikanyamaza. Na kwa kunyamaza nimekwisha vilevile."

"Walikuwa watu gani?"

"Wa kambini, wanawake kwa wanaume. Wanaimba, wanacheka."

"Wanacheka? Msibani?"

"Nami nilishangaa! Mwanamke mmoja mnene, kavaa koti la marehemu na kofia yake, anatembea kama Luka, anakohoa kama Luka. Wenziwe wanaanguka kwa kicheko na machozi yanawatoka. Nikasema hawa huzuni imewaharibu."

"Walitoka na nini?"

"Kitanda, mkeka, sufuria, taa ya kandili. Kasha sikuliona, wallahi, nalijua lile kasha."

"Huyo mnene alitoka na nini?"

"Na mtoto wake mgongoni."

"Aliingia naye?"

Hamad akafikiri. "Aliingia amempakata. Kichanga, kimefunikwa kaniki. Kutoka, alikuwa naye mgongoni, amembeleka kwa shuka, na mama mwenyewe ameinama, anatembea kama aliyebeba kinu."

"Kaingia na kichanga, katoka na kinu," Miraji akasema.

Hamad akamtazama. "Ya Rabi," akasema. "Na mimi nilimsaidia kukaza fundo."

*

Chuoni hapakuwa na mahali pa kuweka mguu. Ukumbi mkubwa ulijaa viti vya misheni na mabenchi ya shule, hakuna kinacholingana na mwenziwe. Juu ya ngazi, karani wa mkutano alikuwa anapigilia blanketi nyeusi kwenye madirisha. Jina lake Rafaeli, kijana wa Bumbuli, Mlutheri, mwenye penseli sikioni.

"Shikamoo, Inspekta. Umelipata?"

"Marahaba. Bado. Hizo blanketi za nini, ikiwa kasha halipo?"

"Profesa kasema tuendelee kama lipo." Akateremka, akajifuta jasho. "Mimi naendelea tu. Mgeni wa Bombay hali nyama. Mwingine ameandika kwamba mgongo wake unataka godoro gumu. Nimemjibu asiwe na shaka, hapa kwetu laini hatunalo."

"Twende ghalani."

Ghala lilikuwa chumba kirefu chenye dirisha dogo, na nyuma yake kijumba alimolala Luka. Sasa kijumba kilikuwa kitupu mpaka misumari ya ukutani. Jiwe lilikuwa palepale kwenye rafu. Rafaeli alibaki kizingitini.

"Ulinipa habari ya funguo mbili," Miraji akasema. "Wa Profesa na wa Luka. Wa Luka uko wapi?"

"Alikuwa akiuvaa shingoni. Nadhani amezikwa nao."

"Nani alimwosha?"

"Wa kambini."

"Nani alikwenda maziko kutoka hapa chuoni?"

Rafaeli akaitoa penseli sikioni, akairudisha. "Tulikuwa tunapokea viti."

Miraji akalichukua jiwe, akaliweka kwenye mwanga wa mlango. Jana aliliona kwa macho, hakuligusa. Leo alilifungua taratibu. Kaniki ilizungushwa chini kwa kukazwa na juu kwa kulegezwa, ikaachwa nafasi ya uso. Palipo uso, jiwe lilipakwa unga wa mahindi. Chini yake ulifungwa uzi mwekundu wenye ushanga mmoja.

"Umeona mganga gani akimpaka adui yake unga usoni, kisha akamvika ushanga?" Miraji akauliza.

"Sijui mambo hayo, Inspekta."

"Mimi nayajua kidogo. Huyu ni mtoto. Amefungwa na mtu aliyelea watoto wengi." Akalifunga tena kama alivyolikuta. "Luka alikuwa akiliitaje lile kasha?"

"Kuliitaje?" Rafaeli akasita, kisha uso ukamlegea. "Ah. Akiliita mwanangu. Watu wote walimjua kwa hilo. Garini analipakata. Ukiligusa, anakwambia mwache mwanangu, kalala. Na ukifungua mlango huu mchana anapiga kelele: funga, funga, mtoto hapendi jua!"

"Kambini walimsikia?"

"Jumapili zote. Alikuwa akienda kunywa nao, akisema hawezi kukaa sana, kamwacha mtoto peke yake."

"Luka kabila gani?"

"Mngoni wa Songea. Alikuja na manamba kukata mkonge, Profesa akamtoa huko."

"Na kambini wengi ni nani?"

"Wanyamwezi."

Miraji akalitia jiwe kwapani. Mama yake mzazi alikuwa Mzigua, na Wazigua nao, kama Wangoni, ni watani wa Wanyamwezi. Alipokuwa mdogo, siku ya msiba wa babu yake, aliona watani wakilala ndani ya kaburi, wakikataa kutoka mpaka wapewe kuku. Miaka ya magwanda ilimsahaulisha.

"Hakuna mwizi hapa, Rafaeli. Pana watani. Wamemchukua yatima wa marehemu mpaka ndugu zake waje kumkomboa. Tangu Ijumaa wanawangoja, na ndugu hawaji."

"Luka hana ndugu huku."

"Ndiyo sababu wanangoja bado. Leo siku ya ngapi tangu azikwe?"

"Ya tatu."

"Basi leo wanaondoa matanga," Miraji akasema, na akaanza kutembea haraka. "Tafuta jogoo. Mkubwa, mwenye sauti."

*

Kambi ya shamba ilikuwa safu za vijumba vya matofali chini ya kilima, mkonge umezizunguka pande zote. Mbele ya kijumba kimoja ilitandikwa mikeka. Kinyozi alikuwa amekwisha kufika, ananoa wembe kwenye mkanda. Katikati ya mikeka, juu ya kinu kilicholazwa, aliketi mwanamke mnene aliyevaa koti la kiume la baridi.

Miraji akavua kofia na viatu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mkubwa wa yule aliyekuja jana na rungu?"

"Ndiye mimi."

"Mtoto wa nani?"

"Baba yangu mtu wa Mtang'ata. Mama yangu Mzigua."

"Mzigua!" Yule mwanamke akapiga kofi, na mikeka yote ikachangamka. "Njoni mwone mtumwa wangu kavaa vifungo vya shaba! Nyie mliouzwa kwa kibaba cha mahindi, nani kakununulia viatu?"

"Nimevinunua kwa pembe mlizonibebea ninyi wapagazi," Miraji akajibu. "Bega la babu yako lina sugu mpaka leo huko aliko."

Wakacheka, wengine wakajifuta macho kwa ncha za khanga. Wakamsogezea mkeka, akaketi. Yule mwanamke alikuwa Bibiana, mkubwa wa Wanyamwezi wa kambi ile, aliyemuuguza Luka na kumfumba macho.

Miraji akaliweka jiwe mbele yake. "Nimemrudisha mtoto wenu. Nataka wa kwetu."

Bibiana akaacha kucheka. "Umechelewa kumleta. Askari wako jana aliuliza, nani kaiba? Tukamwambia hapa hakuna aliyeiba. Akapindua vitanda vya watu, akaenda zake. Angeketi ulipoketi wewe, angejibiwa."

"Mtu yuko mahabusu kwa ajili hiyo. Hamad, wa langoni."

"Yule aliyenikazia fundo?" Akashangaa kweli. "Mbona hatukuambiwa? Sisi tunangoja watu wa marehemu. Mngoni gani huyu, tunasema, babu zake walikuja na ngao, yeye kafa kwa baridi kama kifaranga wa masika, na hata ndugu mmoja wa kuja kutukanwa hana! Nimemwigiza mpaka sauti imenikauka. Utani bila mwenye msiba ni kelele tu, Mzigua."

"Kasha mmelifungua?"

"Kufungua ni wizi. Yumo ndani, gizani. Mtoto hapendi jua, baba yake alikuwa akituambia. Lakini matanga hayapiti leo." Akaonyesha paa la karakana ya mkonge, jua lilipokuwa linateremka. "Likigusa pale, tunanyoa, tunafagia. Yatima asiyedaiwa ni mali ya watani. Tutamfungua hapa uwanjani, tugawane alichonacho."

"Nipe mimi. Serikali inamdai."

"Serikali ilizaliwa tumbo moja na Luka?"

Watu wakaguna. Miraji akatazama mlango wa kijumba. Angeweza kuita askari, na mlango ungevunjika kwa teke moja. Na katika vurugu hiyo mtu mmoja angeinua kifuniko. Akamwita dereva.

"Panda chuoni. Mwambie Profesa aje sasa hivi, yeye mwenyewe. Mwambie kasha liko salama, ila kulitoa hawezi mtu mwingine."

*

Profesa alikuja amesimama garini, na Rafaeli nyuma yake amekumbatia jogoo mwekundu. Jua lilikuwa limebakiza upana wa mkono. Mzungu aliona mikeka, akamtazama Miraji.

"Vua viatu, uketi," Miraji akasema. "Utaulizwa. Mimi siwezi kukujibia."

Akaketi, magoti yake marefu yakapanda mpaka karibu na kidevu. Mtoto mmoja akacheka, akafinywa.

"Unataka nini kwetu?" Bibiana akauliza.

"Kasha la vioo. Ni mali ya chuo."

"Hapa hakuna kasha. Pana mtoto wa Luka. Luka ni nani yako?"

"Alikuwa msaidizi wangu."

"Msaidizi hafiwi. Rudi na gari lako."

"Alikuwa mtumishi mwaminifu sana—"

"Mtumishi hudai mshahara. Hadai mtoto. Kinyozi, tia maji!"

Kinyozi akachovya wembe. Rafaeli alitaka kusema, Miraji akamzuia kwa mkono.

"Siku ya maziko ulikuwa wapi?" Bibiana akaendelea, na sasa sauti yake haikuwa ya mzaha.

"Mombasa. Kupokea wageni."

"Wageni walikuja kwa miguu yao. Luka alikwenda kwa mabega ya watu. Yupi alihitaji kupokewa?"

Profesa alitazama lile koti alilovaa Bibiana, koti zito la mlimani, kifungo kimoja kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.

"Kule juu," akasema, taratibu, "usiku kuna baridi mbaya. Vioo vikipata baridi ile, dawa inapasuka. Tulilala mgongo kwa mgongo, Luka na mimi, na kasha katikati yetu. Alikuwa akilifunika yeye kwanza. Aliniambia, lala, akilia nitaamka mimi."

Kinyozi akaweka wembe chini.

"Watu wa namna gani hulala hivyo?" Bibiana akauliza.

"Ndugu."

"Mkubwa nani?"

Mzungu alikuwa na umri wa kumzaa Luka. Akafikiri. "Njiani alikuwa akitangulia yeye."

"Basi wewe ni nani wa mtoto huyu?"

"Mimi ni baba yake mdogo."

"Sema tena, hawa wa nyuma hawakusikia!"

"Mimi ni baba yake mdogo!" Profesa akasema kwa nguvu, na sauti ikamkwaruza.

"Baba mdogo kaja!" Bibiana akapiga kigelegele, na kambi yote ikamwitikia. "Tazameni mdogo wake Luka! Marehemu kaungua kwa jua, huyu kasahauliwa kwenye chungu cha maziwa! Haya, Mngoni mweupe, fidia yako iko wapi?"

Rafaeli akamtoa jogoo. Bibiana akampima, akakubali kwa shingo upande. Halafu akazionyesha kwa kidole zile nywele nyeupe.

"Na hizo. Ndugu wa marehemu hatoki matangani na nywele."

"Kesho nitasimama mbele ya watu," Profesa akasema.

"Ndiyo vizuri. Wajue umefiwa."

Profesa akainamisha kichwa. Kinyozi alianza nyuma, pale palipogusa ukosi, na nywele zikaanguka juu ya mkeka pamoja na nyeusi za watu waliotangulia. Alikatwa kidogo juu ya sikio.

Jua lilipogusa paa, Bibiana aliingia kijumbani, akatoka na kasha mgongoni, limebelekwa kwa shuka na kufunikwa magunia mawili. Akapiga magoti nyuma ya Profesa, akalihamishia mgongoni mwake, akafunga fundo kifuani pa mzungu.

"Mshike kichwa akiyumba," akasema.

Chini ya magunia, kivulini, Miraji akapitisha kidole kwenye nta iliyoziba ukingo wa kifuniko, pande zote nne. Haikuwa na ufa. Kwenye msumari wa kufuli palining'inia ufunguo wenye uzi wa shingoni.

*

Hamad alitoka mahabusu baada ya magharibi. Miraji alikuwa amepiga simu Tanga, na sauti ya upande wa pili ikauliza, basi mwizi ni nani? Alijibu kwamba hakuna mwizi, kasha lilikuwa kwa ndugu za marehemu, na kwamba mlinzi aliwafungulia lango watu wa msiba kama ambavyo mtu yeyote angefanya.

Tabia alikuwa bado benchini. Hamad alisimama mbele yake, hajui aweke wapi mikono.

"Bakuli langu liko wapi?" Tabia akauliza, na ndipo akaanza kulia.

Asubuhi ya Jumatatu ukumbi ulijaa. Wageni waliketi kwenye viti vya misheni wakinong'ona, kwa sababu mwenyeji wao alikuwa amesimama mbele na kichwa kitupu, cheupe kama yai, na kidonda juu ya sikio. Mgeni wa Bombay aliinuka, akamwendea, akamuuliza kwa kunong'ona kama ni mgonjwa. Miraji alikuwa amesimama karibu na mlango. Jibu alilisikia, na Kiingereza cha namna hiyo alikijua.

Profesa alisema amefiwa na kaka yake.

Watu wa kambini wakatokea langoni, Bibiana mbele na koti lake. Hamad aliwatazama, kisha akamtazama Profesa kupitia mlango uliokuwa wazi. Profesa akaitikia kwa kichwa mara moja, na lango likafunguliwa kabisa. Waliingia wakaketi chini, nyuma ya viti vyote.

Kasha lilikuwa mezani, karibu na taa ndogo nyekundu. Profesa akaweka viganja vyake viwili juu ya kifuniko. Wageni walingoja hotuba. Lakini yeye alimtazama Rafaeli aliyekuwa dirishani, akasema kwa Kiswahili:

"Funga. Mtoto hapendi jua."

Blanketi ya mwisho ikashuka. Katika giza lile, nyuma kabisa, mtu akakohoa kikohozi cha Luka. Wageni wakageuka kutafuta mgonjwa ni nani. Watu wa kambini hawakucheka. Profesa alingoja mpaka kikohozi kikatulia, kisha akavunja nta.